Mtu na Serikali: Je, Mimi ni wa Upande Gani?

Somo kwa walimu wa mitaa na kwa wasomaji wote



Wako vijana katika sharika zetu warudio kutoka vyuoni wakiwa na neno jipya kinywani. Wasema, "Mimi ni mtu wa uhuru. Mwili ni wangu, shamba ni langu, serikali isiniguse." Wazee wakisikia hivyo hushtuka, wakidhani kijana amekuwa mwasi. Wengine hucheka tu, wakisema kwamba maneno hayo ni ya Wazungu, wala hayatuhusu sisi wa Ngara na Biharamulo. Lakini mwalimu wa mtaa akiulizwa habari hii, haifai ashtuke wala acheke. Yampasa aelewe neno lenyewe, kisha amsaidie mwenzake kujipima. Kwa hiyo katika somo la mwezi huu tutauliza mambo matatu: neno hili maana yake nini? Je, katika nchi yetu limepata kupimwa? Na mtu atajuaje kwamba yeye analiamini kweli?

1. Neno lenyewe

Imani hii ya siasa huitwa imani ya uhuru wa mtu binafsi, na mizizi yake ni ya zamani. John Locke, Mwingereza, alitoa kitabu mwaka 1689, akafundisha kwamba kila mtu anayo haki juu ya nafsi yake na juu ya kazi ya mikono yake, na kwamba serikali iliwekwa ili kuilinda haki hiyo. John Stuart Mill, naye Mwingereza, aliandika mwaka 1859 kwamba iko sababu moja tu itoshayo kumlazimisha mtu mzima, nayo ni kumzuia asiwadhuru wengine. Faida ya mtu mwenyewe haitoshi kuwa sababu. Waweza kumshauri na kumsihi, lakini usimlazimishe.

Mwaka 1971 wafuasi wa imani hii katika Marekani walianzisha chama kiitwacho Libertarian Party. Mwaka 1974 Robert Nozick, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard, akatoa kitabu akisema kwamba serikali ya haki ni ile ndogo tu, yenye kazi ya kuwalinda watu na jeuri, wizi na udanganyifu, na kuhakikisha kwamba mapatano yanatimizwa. Ikifanya zaidi ya hayo, yawaonea watu. Hata kodi itozwayo katika malipo ya kazi, yeye aliifananisha na kumfanyisha mtu kazi kwa nguvu.

David Nolan, mmoja wa wale walioanzisha chama hicho, aliona kwamba haitoshi kuwapanga watu kwa mkono wa kuume na wa kushoto. Aliwapima kwa mambo mawili: mtu awe huru kiasi gani katika mali yake, na awe huru kiasi gani katika mwenendo wake? Wengi wetu hujibu nusu nusu. Mmoja ataka serikali isiguse shamba lake, lakini iwakamate wale ambao maisha yao hayampendezi. Mwingine ataka watu waseme na waishi wapendavyo, lakini ng'ombe wa tajiri wagawanywe kwa amri. Mtu wa uhuru wa kweli, kwa kipimo hiki, ni yule ajibuye "awe huru" mara zote mbili, hata pale jibu linapomuuma.

2. Kadi na moyo

Kwetu, mtu akiulizwa, "Wewe ni wa upande gani?" mara nyingi hujibu kwa kutaja chama. Hili si ajabu. Toka mwaka 1965 hata 1992 sheria iliruhusu chama kimoja tu cha siasa katika kila sehemu ya Muungano. Kisha, tangu 1977, kikawa kimoja kwa nchi nzima. Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, kadi ziliongezeka, lakini desturi ya kujitambulisha kwa kadi ilibaki.

Mchungaji Christopher Mtikila aliuliza mahakamani swali la maana: je, raia asiye na chama hana haki ya kugombea uongozi? Mwezi wa Oktoba 1994 Mahakama Kuu iliyokaa Dodoma ilisema kwamba anayo. Kabla mwaka haujaisha Katiba ikabadilishwa ili kuizuia hukumu hiyo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilimpa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitengua, ikisema kwamba neno hili ni la Bunge kuamua. Kisha tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikahukumu kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki za raia katika jambo hilo. Mtikila alifariki mwaka 2015, na katika uchaguzi wa 2020 mgombea alikuwa bado hana budi kupitishwa na chama.

Tazameni neno hili vema. Mtikila mwenyewe alikuwa na chama chake. Hakudai haki kwa ajili yake tu. Alidai ya kwamba utu wa raia hautoki katika kadi. Basi anayetaka kujijua, aiweke kadi kando kwanza. Kadi yaonyesha ulikojiandikisha, lakini imani yako juu ya mtu na serikali yajulikana kwa namna unavyoyahukumu mambo yaliyotupata. Na tuyatazame manne.

3. Mambo manne yaliyotupata

(a) Ng'ombe wa mkubwa. Katika Bugufi, nchi ya Wahangaza, ilikuwako desturi ya ubugabire, kama ilivyokuwako Burundi. Mtu asiye na ng'ombe alikwenda kwa mwenye ng'ombe, akaomba, akapewa. Alipata maziwa na samadi ya migomba. Naye akawa mtu wa yule mkubwa, akimtumikia na kumpelekea zawadi. Je, alilazimishwa? Siku ile ya kwanza hapana, aliomba mwenyewe. Mfuasi wa Nozick aweza kusema kwamba haya ni mapatano ya watu wawili, wala serikali haina neno hapo. Lakini sisi tujuao maisha ya kijijini twauliza zaidi. Aliyekubali kwa sababu migomba yake inakufa kwa kukosa samadi, na watoto wake hawana maziwa, alikuwa huru kiasi gani? Jambo hili latufundisha kwamba serikali si peke yake iwezayo kumfunga mtu. Jirani mwenye nguvu aweza pia, na penye wanyonge wengi sheria ya haki huwa ngao ya uhuru wao. Mwaka 1963, sheria ya Tanganyika ilipoondoa mamlaka ya watemi na machifu, wako waliolia kwamba desturi yavunjwa, na wako waliopumua.

(b) Mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulizisumbua sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, na nchi ya Biharamulo ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Serikali ya Waingereza iliwatoa watu waliotawanyika porini, ikawakalisha pamoja mahali palipofyekwa, maana mbung'o hupenda vichaka, hapendi mahali peupe palipolimwa. Watu waliyaacha makaburi ya baba zao na mashamba yao. Na walikotoka, pori na wanyama wakaingia.

Hapa tutumie kipimo cha Mill. Mwenye malale hamdhuru mwingine kwa kusudi. Hata hivyo mbung'o amwumaye yeye leo aweza kumwambukiza jirani kesho. Kwa hiyo serikali ilikuwa na sababu ambayo hata mtu wa uhuru hawezi kuidharau: hatari ya mmoja ilikuwa hatari ya wote. Lakini sababu njema haimalizi maswali. Je, watu walishauriwa? Je, walielezwa ugonjwa huambukizwaje? Na hatari ilipopungua, waliachwa warudi? Mwenye kuwahamisha watu kwa ajili ya afya yao ana deni la kujibu hayo yote.

(c) Vijiji. Azimio la Arusha lilipotolewa mwaka 1967, watu waliitwa wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa kwa hiari. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe aliandika mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mwingine. Hujiendeleza wenyewe, na ujamaa hauwezi kuletwa kwa nguvu. Lakini wachache walihama, na mwezi wa Novemba 1973 alitangaza kwamba kukaa vijijini si hiari tena, ni amri, na kazi itimizwe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu wakahamishwa nchini. Mkoa wetu, ulioitwa Ziwa Magharibi hata mwaka 1979, haukupitwa. Kule kwenye migomba minene ya Bukoba, wengi walibaki palepale, maana nyumba zao zilikuwa karibu karibu tangu zamani. Katika wilaya za watu waliotawanyika, amri ilikuwa nzito zaidi. Mahali pengi nchini nyumba zilibomolewa au zilichomwa moto ili mtu asirudi.

Mwaka uleule wa 1974, Nozick alipokuwa akitoa kitabu chake huko Marekani, mkulima wa Tanzania asiyepata kulisikia jina lake alikuwa akibeba mlango wa nyumba yake kichwani. Mkulima huyo hakuhitaji kitabu. Alijua kwamba mgomba haukui kwa amri, na kwamba aliyeupanda ndiye ajuaye udongo wake.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Katika vijiji vile zilijengwa shule na zahanati, na watoto wengi walijifunza kusoma. Wako wasomaji wa gazeti hili waliosoma kwa sababu ya kijiji. Mtu wa uhuru hana budi kulikiri jambo hili jema. Na mtu wa serikali hana budi kukiri kwamba zahanati ingaliweza kujengwa bila kuchoma nyumba ya mtu.

(d) Kimbunga. Mwezi wa Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, alipoutembelea mkoa wa Kagera, aliwapa wageni wasio na kibali wiki mbili waondoke. Mwezi wa Septemba ikaanza operesheni iliyoitwa Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Sababu zilitajwa, na hazikuwa za uongo: ujambazi wa silaha barabarani, na makundi ya ng'ombe katika misitu iliyohifadhiwa. Watu wa Biharamulo waliokuwa wakiogopa kusafiri njia ya porini wazikumbuka sababu hizo vema. Maelfu walivuka mpaka, wengine kwa kukamatwa, wengine kwa hofu. Lakini miongoni mwao walikuwako waliokaa hapa miaka mingi, waliooa hapa na kuzaa hapa. Na malalamiko yalisikika kwamba hata raia walichukuliwa.

Neno hili latuhusu sana sisi. Bugufi yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hapo kale. Kihangaza na Kirundi ni lugha za karibu sana, na ndugu wa ukoo mmoja hukaa pande mbili za mpaka. Mtu akihukumiwa kwa matamshi yake au kwa sura yake, ni nani katika Ngara aliye salama?

4. Kipimo cha kweli

Sasa tuyaweke mambo haya manne pamoja. Nimesikia watu wakizungumza habari za 1974 kwa uchungu, wakisema kwamba serikali haina haki kumtoa mtu katika nyumba yake. Na katika mwaka 2013 wako waliosema hayo juu ya nyumba zao, kisha wakafurahi jirani alipotolewa katika nyumba yake, na wengine wakaliangalia shamba lake kwa jicho la tamaa. Basi hao ni watu wa uhuru? Hapana, ni watu wanaojipenda wenyewe. Kila mtu hupenda uhuru siku anapohamishwa yeye. Imani yake ya kweli hujulikana siku anapohamishwa mwingine, na hasa mwingine asiyependeza.

Hiki ndicho kipimo ninachowapa, ndugu zangu. Usijiulize, "Nataka niachiwe nini?" Hata mtoto ajua jibu la swali hilo. Jiulize, "Niko tayari kumwachia nini jirani yangu?" Je, nitamwachia aseme nisilopenda, alime zao nisilolipenda, asijiunge na chama changu, asali kwa namna nyingine? Je, nitasimama na kudai kwamba hata mgeni aliyeshitakiwa asikizwe kabla ya kuhukumiwa? Ukijibu ndiyo, unayo haki ya kujiita mtu wa uhuru. Ukijibu hapana, usimlaumu kijana wa chuo; yeye amesoma neno, nawe hujalisoma bado.

Wengine watauliza, "Mkristo aweza kuwa na imani hii?" Nitajibu kwa ufupi. Mtume Paulo, katika sura ya 13 ya Warumi, afundisha kwamba mamlaka yana kazi yao, na kodi ilipwe. Kwa hiyo hatuwezi kusema pamoja na Nozick kwamba kila senti itolewayo kwa ajili ya zahanati ni kama utumwa. Lakini habari ya shamba la Nabothi, katika sura ya 21 ya kitabu cha kwanza cha Wafalme, yaonyesha kwamba hata mfalme ana mpaka, na shamba la mizabibu la mtu mdogo li ndani ya mpaka huo. Naye Martin Luther, watawala wengine wa Ujerumani walipoagiza kwamba Agano Jipya alilolitafsiri likusanywe, aliandika kitabu mwaka 1523 juu ya kiasi cha utii upasao serikali. Alifundisha kwamba mamlaka ya dunia yafika katika mwili na mali, lakini hayafiki katika roho. Watu wasivitoe vitabu vyao kwa hiari. Bali nyumba ikiingiliwa kwa nguvu, wasipigane. Hapo pana uhuru, na pana adabu pia.

Tena tusisahau mwezi wa Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 kwa hesabu ya UNHCR walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakakaa Benaco katika Ngara. Mtu wa uhuru wa nafsi atasema kwamba msaada utolewao kwa hiari ndio msaada mwema, nasi twakubali. Lakini mahitaji ya maji, chakula na dawa kwa umati ule hayakuwa ya ukubwa wa mkono wa mtu mmoja, wala wa kijiji kimoja. Yako mambo ambayo watu huyaweza kwa pamoja tu, na hapo ndipo serikali na mashirika hupata haki ya kutuomba na kutuagiza. Mwezi wa Desemba 1996 serikali yetu iliwaamuru wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Je, hiari yao iliheshimiwa? Hilo ni swali jingine la kujipima, na kila mmoja alijibu kwa kipimo kilekile.

5. Tufanye nini?

Mwenye kupenda uhuru asiishie kwenye maneno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na ugawaji wake wahitaji kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti katika mkutano huo. Mara ngapi mkutano umeitwa, nasi tukabaki shambani au kilabuni, kisha tukalia kwamba tumeamuliwa? Uhuru usiotumika huota majani, na jirani mwenye nguvu hulima hapo.

Maswali ya kuzungumza katika mitaa

1. Katika mambo manne tuliyoyataja, ni lipi ambalo serikali ilikuwa na haki kuwalazimisha watu? Toa sababu bila kutaja chama.

2. Mtu aliyekubali mapatano mabaya kwa sababu ya njaa, je, amekubali kwa hiari? Tafuteni mfano wa siku hizi katika kijiji chenu, kama kukodisha shamba au kuuza mavuno yangali shambani.

3. Ni uhuru gani wa jirani yako unaokuudhi? Je, unakudhuru, au unakuudhi tu?

4. Ikitangazwa tena kwamba wageni watolewe, usharika wetu utafanya nini ili asionewe mtu asiye na hatia?

Mwalimu asiharakishe kutoa majibu. Awaache watu waseme, na asiyekubaliana na wengi asikizwe hata mwisho, maana hapo ndipo somo lenyewe litakapofanyika.